Kabla Hujalipia Blenda, Igeuze Uone Chini

Mteja akiingia dukani kwetu hapa Mtwara mjini, swali la kwanza karibu kila siku ni moja: "Hii ina wati ngapi?" Kuuliza si vibaya. Tatizo ni kwamba wengi wanaliamini boksi, na boksi halina aibu. Utakuta limeandikwa wati 4500 kwa maandishi makubwa ya dhahabu. Sasa piga hesabu. Plagi yetu ya kawaida ya pini tatu ina fyuzi ya ampea 13. Zidisha kwa volti 230, unapata wati 2990. Hizo 4500 zinapita wapi?

Kwa hiyo igeuze mashine yenyewe usome kibandiko cha chini. Hapo utaona volti, ziwe 220 hadi 240, na hezi 50. Ukiona volti 100 ni ya soko la Japani, volti 120 ni ya Marekani. Hizo za mtumba ukizichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya nyumbani, tegemea moshi. Kwenye kibandiko hichohicho mara nyingi pameandikwa "KB 1 min". Watu hawapatilii maanani, kumbe ndiyo siri yote: mota imetengenezwa kuzunguka dakika moja mfululizo, kisha ipumzike. Blenda nyingi tunazoletewa zinanuka kuungua hazikuwa mbovu, zilisagishwa dakika tano bila kupumua.

Halafu jiulize kitu kigumu kuliko vyote utakachosaga ni kipi. Kama ni juisi ya embe na pasheni tu, wati 400 au 500 za kweli zinakutosha, usipoteze hela. Nazi ya kukata vipande badala ya kukaa kwenye mbuzi, pamoja na barafu, hapo tafuta 800 kwenda juu.

Korosho ndiyo mtihani. Maziwa ya korosho hayana shida: loweka usiku kucha, asubuhi hata mashine ya kawaida inasaga. Siagi ya korosho ni habari nyingine. Karibu nusu ya uzito wa kiini cha korosho ni mafuta, lakini hayatoki mapema. Kwanza unapata unga, kisha unga unashikana na kupanda kwenye kuta za jagi, visu vinabaki kuzunguka hewani, na mlio wa mota unabadilika. Wengi hapo huongeza spidi. Wewe zima, chomoa waya, kwangua kwa kijiko, subiri ipoe, ndipo uendelee. Ukirudia hivyo mara kadhaa mafuta yanaachia na siagi inalainika. Kwa kazi hii chukua wati 1000 au zaidi, jagi lililo jembamba chini, na mashine inayojizima yenyewe ikipata joto. Ikijizima usikimbilie kwa fundi. Iache ipoe kabisa.

Angalia pia kile kigurudumu cha meno jagi linapokalia. Cha raba au plastiki kitalika siku moja, na ni heri kilike chenyewe kuliko mota. Muulize muuzaji kama anacho cha akiba, la sivyo utasubiri mzigo wa Dar.

Anayeogopa LUKU asiogope. Wati 1000 kwa dakika mbili kila siku, mwezi mzima wa siku 30, ni uniti moja.

Supu ya moto usiijaze jagi wala kufunga kifuniko kabisa, mvuke utakirusha. Na jagi la kioo likitoka kwenye friji halipendi maji ya moto.

Kwetu tunaiwasha mashine mbele yako kabla hujalipa, na ukija na korosho zako tunasaga hapohapo. Ijumaa tunafunga kwa swala, tunafungua tena saa nane mchana.