Alama 87 kwenye eksirei si asilimia 87 ya mapafu

Hapa Kisumu, karatasi ya majibu ya eksirei ya kifua siku hizi huja na nambari ya kompyuta, kuanzia 0 hadi 100. Mtu akiona 87, moyo unamruka: anadhani mapafu yameliwa karibu yote. Sivyo. Nambari hiyo inaonyesha tu jinsi picha yako inavyofanana na za wenye kifua kikuu ambazo kompyuta ilifunzwa nazo. Kovu la TB iliyopona zamani linaweza kuipandisha, kwa hivyo njoo na filamu zako za zamani, hata zilizokunjika. Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu hizi mwaka 2021, kwa wenye miaka 15 na zaidi. Kinachothibitisha ni makohozi.

Ukali wa ugonjwa una hesabu yake. Daktari hukadiria ni asilimia ngapi ya mapafu yote mawili imeguswa, kisha huongeza 40 akiona shimo ndani ya pafu. Hesabu hiyo ilitoka Timika, Indonesia, ikachapishwa 2010. Mapafu yaliyoguswa asilimia 35 bila shimo yanapata 35. Shimo likiwepo, 75. Katika utafiti huo, waliozidi 71 ndio waliokuwa na hatari kubwa zaidi ya makohozi kubaki na vijidudu baada ya miezi 2 ya dawa. Shimo ni maficho: vijidudu hujaa humo, na dawa hupenya kwa shida. Mgonjwa wa namna hiyo asikose kamwe kupima makohozi mwezi wa pili.

Picha mbaya huharibu hesabu zote mbili. Usipovuta pumzi ukaishikilia, sehemu ya chini ya mapafu huonekana nyeupe na moyo huonekana umepanuka. Sisi tunaopiga picha huhesabu mbavu za nyuma: zikionekana 9 au 10 juu ya kiwambo (msuli ulio chini ya mapafu), picha inafaa; zikipungua, tunarudia. Mkufu uvuliwe. Misuko nayo ifungwe juu ya kichwa, kwa sababu ikilala begani hutupa kivuli kwenye ncha ya pafu, palepale TB ya watu wazima hupenda kukaa.

Nambari ndogo nayo isikulaze. Kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI, picha inaweza kuwa safi na TB ipo. Kikohozi, jasho la usiku au kukonda vikiendelea, peleka makohozi kwenye kituo cha serikali. Kipimo na dawa ni bure.