Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: Vishikwambi tumepata, tupeni na saa ya kujifunza

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Mji wa Serikali, Mtumba,
Dodoma.

YAH: MUDA NA BANDO KWA MAFUNZO YA WALIMU KAZINI

Mheshimiwa, kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Lindi. Nakuandikia kuhusu MEWAKA, Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, na naomba ieleweke tangu mwanzo kwamba siandiki kuyapinga. Mwalimu kujifunza akiwa shuleni kwake, na wenzake, kuhusu watoto wale wale anaowafundisha, ni jambo bora kuliko zile semina za mjini ambako mmoja alikwenda kwa niaba ya wote, akarudi na posho na kabrasha, na kabrasha likaishia kabatini kwa mwalimu mkuu. Wapo wenzangu wanaonung'unika kwamba MEWAKA haina posho. Nawaelewa, mishahara yetu unaijua. Ila hilo si lililonifanya nishike kalamu.

Baada ya Sensa ya mwaka 2022, Serikali iliwagawia walimu vishikwambi vilivyokuwa vimetumiwa na makarani. Taasisi ya Elimu Tanzania ina mfumo wa kujifunzia mtandaoni, na ina maktaba mtandao ya vitabu vya kiada. Mitaala iliyoboreshwa ikaanza kutumika Januari 2024, na masomo mengine ndani yake ni mageni hata kwetu tunaoyafundisha. Kwa hiyo haja ipo, kifaa kipo, na cha kusoma kipo. Kinachokosekana ni saa ya kusoma.

Jumuiya ya kujifunza ya shule, yaani sisi walimu wa shule moja tunapokutana kwa ajili ya MEWAKA, kwa kawaida hukutana vipindi vikiisha. Hebu fikiria shule yenye upungufu wa walimu, na hizo huku kwetu ni nyingi. Saa tisa alasiri mwalimu amefundisha tangu asubuhi, daftari za darasa zima zinamsubiri, bado hajagusa andalio la kesho, ndipo anaitwa kwenye jumuiya. Matokeo yake yanajulikana. Watu wanasaini mahudhurio, mmoja anasoma kwa sauti ukurasa wa moduli, yaani kijitabu cha mafunzo, picha inapigwa na kurushwa kwenye grupu la WhatsApp. Picha ikishafika, mafunzo yamefanyika. Simlaumu mtu, hata mimi saa hiyo huwa nawaza nauli ya bodaboda.

Sasa nikueleze siku moja ambayo mambo yalikwenda sawa. Mwenzetu wa darasa la tatu alikubali tumrekodi akifundisha sehemu katika Hisabati, yaani nusu, robo na kadhalika. Kishikwambi tulikiegemeza kwenye rundo la vitabu, pembeni mwa darasa. Alijiandaa vizuri: machungwa ya kukata, karatasi za kukunja, kila kitu. Baadaye tukakaa ofisini kuitazama ile video. Zana zake hazikuzungumzwa sana. Tulichokiona ni kwamba kila alipouliza swali, alilijibu mwenyewe kabla watoto hawajalimeza, au alimteua mmoja wa wale wa mbele wenye vidole vya haraka. Na kulikuwa na mtoto mmoja karibu na dirisha aliyeikunja karatasi yake barabara, robo nne zinazolingana, akainyanyua, hakuonwa, akaishusha. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeisimamisha video na kuirudisha nyuma, akamtazama yule mtoto mara ya pili. Wiki iliyofuata alikuwa akiuliza swali, anatembea mpaka madawati ya nyuma, ndipo anapokea jibu.

Hakuna mwezeshaji kutoka mkoani ambaye angemwambia hilo akamwamini. Alijiona kwa macho yake, mbele ya watu anaokula nao chai. Mheshimiwa, hii ndiyo TEHAMA ninayoitaka katika mafunzo ya walimu: kifaa kinachomwonyesha mwalimu darasa lake. Kusoma moduli kwenye kioo badala ya karatasi ni hatua, lakini ni hatua ndogo.

Ila yote hayo yaliwezekana kwa sababu mwalimu mkuu alikubali kuahirisha vipindi vya mwisho vya Ijumaa ile. Angetokea mthibiti ubora wa shule, yaani mkaguzi, ni mwalimu mkuu ambaye angejieleza. Ndiyo maana naomba waraka. Useme wazi kwamba kila wiki mbili kuna vipindi viwili mfululizo vya jumuiya ya kujifunza, ndani ya saa za kazi, vimeandikwa kwenye ratiba kama Hisabati ilivyoandikwa, na mthibiti akifika avikague kama anavyokagua maandalio.

Jambo hili si geni nchini. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, elimu ya msingi kwa wote ilipohitaji walimu wengi kwa haraka, maelfu ya vijana walisomea ualimu huku wakifundisha, kwa masomo ya posta, vipindi vya redio na wakufunzi waliowafuata huko huko vijijini. Mengi yamesemwa kuhusu ubora wa walimu wale, na mengine ni ya kweli. Lakini kusoma kwao kulitengewa nafasi katika siku ya kazi. Sisi tuna kishikwambi, wao walikuwa na redio ya betri, na bado kwa upande wa muda wametuzidi.

Kuhusu bando sitasema mengi. Ruzuku ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka inagombaniwa na vitabu, chaki, mitihani na matengenezo, kwa hiyo moduli inafunguliwa kwa salio la mwalimu. Wizara ikae na kampuni za simu ili tovuti za Taasisi ya Elimu zifunguke bila kukata bando. Likishindikana hilo, maudhui yawekwe kwenye flashi katika vituo vya walimu, tuyachukue pale mara moja kwa muhula.

Kuna jambo jingine ambalo sijasikia likijadiliwa sana. Tulipotaka kuwatumia wenzetu wa shule jirani ile video, tulisita, kwa sababu ina nyuso za watoto. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ni sheria nzuri, lakini mwalimu wa kawaida hajui mipaka yake inaishia wapi darasani. Je, idhini ya mzazi iombwe kila tunaporekodi, au fomu moja mwanzoni mwa mwaka inatosha? Video ikae wapi, na ifutwe lini? Ukurasa mmoja wa maelekezo ungetuondolea hofu, na ungewalinda watoto dhidi ya wale wanaorusha kila kitu mtandaoni ili wapate wafuasi.

Najua mitaala iko kwako na sisi watumishi tuko TAMISEMI, ofisi inayosimamia serikali za mitaa, kwa hiyo waraka huu utahitaji saini za pande mbili. Ratiba za mwaka mpya hupangwa mwishoni mwa muhula wa pili. Waraka ukitufikia kabla shule hazijafungwa Desemba, tutaviingiza vipindi hivyo kuanzia Januari.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Mwalimu wa darasa la nne,
Lindi.