Meli ya mbolea isipangwe nyuma ya meli ya magari

Ndugu Mhariri,

Bandari ya Dar es Salaam ikitajwa, watu huzungumzia magari na kontena. Mimi niliyekaa gatini miaka 22 nikihesabu magunia, nikisikia neno bandari nakumbuka vumbi la mbolea ya urea puani na macho yanayowasha mpaka usiku.

Mbolea nyingi huja kichele, yaani imemwagwa melini bila magunia. Winchi inachota ndani ya meli, inamwaga kwenye mashine palepale gatini, vijana wanashona magunia ya kilo 50, malori yanaondoka. Siku ya jua ni raha kutazama. Wingu likitanda tu, meli inafunikwa na makuli wanaingia chini ya malori kucheza karata, maana urea ikiloa imekwisha. Vuli ikikolea, hata siku tatu hukatika hivyo huku meli nyingine zinasubiri nangani.

Kaka yangu analima mahindi Namtumbo, mbele ya Songea mkoani Ruvuma. Mvua za huko huanza Novemba kuelekea Desemba, na mbolea ya kupandia inatakiwa iwe imeshafika. Kutoka hapa hadi Songea tu ni zaidi ya kilomita 900. Mwaka mmoja mbolea ilimkuta mahindi yakiwa usawa wa magoti. Ekari mbili zikampa magunia tisa, wakati msimu wa nyuma yake alivuna ishirini na sita. Na sembe tunayokula huku Tandika sehemu kubwa inatoka kwa watu kama yeye, Ruvuma, Mbeya na Rukwa.

Ombi langu kwa wanaopanga meli: kuanzia Agosti hadi Oktoba, kabla vuli haijachanganya, meli ya mbolea ipewe gati mapema. Gari likichelewa wiki mbili linabaki kuwa gari. Na mabehewa ya TAZARA yapelekewe magunia kwa wingi. Reli ile inapita Makambako, njia panda ya Songea, na zamani tulikuwa tunaipakia mpaka usiku.

Anayepanga ratiba akitaka kujua mvua ya Namtumbo imeanza lini, aniulize. Kaka hunipigia simu siku ileile.

Karani mstaafu wa bandari,
Tandika, Dar es Salaam