Barua ya wazi kwa Inspekta Jenerali wa Polisi: ilani yetu ipokewe

Bwana Inspekta Jenerali,

Kuhusu risasi na vitoa machozi wengine wamekuandikia, na wataendelea kukuandikia. Mimi nakuandikia kuhusu muhuri wa kituo cha polisi.

Wakazi wa mtaa wetu huku Eastlands tulipanga kuandamana hadi City Hall, makao ya serikali ya kaunti, kwa sababu mifereji imekauka. Tukaandika barua ya kuwajulisha polisi, tukaipeleka kituoni. Askari wa zamu akaisoma, akauliza ni nani ametupa kibali. Tukamweleza kwamba hiyo ndiyo ilani yenyewe. Akaturudishia: OCS (mkuu wa kituo) hayupo, njooni kesho. Kesho yake OCS alikuwa mkutanoni. Tulikuja kumwona siku ya maandamano, amesimama mbele ya lori akitangaza kwa kipaza sauti kwamba hatuna kibali.

Kibali kipi, afande? Leseni ya mikutano ya hadhara iliondolewa mwaka 1997, na haikuondoka bure; waliokimbizwa siku ya Saba Saba, Julai 7, 1990, wakidai vyama vingi, wanajua. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Utulivu wa Umma kinamtaka mwandalizi amjulishe OCS siku zisizopungua 3 wala kuzidi 14 kabla, ataje jina, mahali anakopatikana, saa na njia itakayofuatwa. Basi. OCS anaweza kutuambia haiwezekani ikiwa kuna wengine waliotangulia kuleta ilani ya mahali hapo saa iyo hiyo, na hilo aliandike. Siku yenyewe, kukiwa na hatari ya wazi ya amani kuvunjika, anaweza kusimamisha. Haki yenyewe iko kwenye ibara ya 37 ya Katiba.

Sheria hiyo hiyo inataka kituo kiwe na rejista ya ilani, na raia yeyote aweze kuikagua saa za kazi. Niliomba kuiona. Askari alinitazama kana kwamba nimeomba funguo za ghala la silaha.

Utaniambia Juni 25, 2024 umati uliingia Bungeni. Uliingia, na siku hiyo watu walipigwa risasi wakafa. Lakini mwandalizi anayekuja kwenu na jina lake na anwani yake ndiye mnayeweza kuketi naye mkakubaliana mtapitia Jogoo Road au wapi, na matatu zizungukie wapi. Mkimfukuza, mtabaki na bango la mtandaoni lisilo na mwenyewe. Sijui nani ananufaika hapo.

Naomba utoe agizo la maandishi kwa vituo vyote vya Nairobi: ilani ipokewe na yeyote aliye zamu, nakala igongwe muhuri na kupewa nambari ya OB, kitabu cha matukio cha kituo, OCS awepo asiwepo. Rejista ikae mezani. Agizo libandikwe ukutani, kando ya lile tangazo kwamba dhamana ya polisi ni bure.

Maji bado hayajatoka. Ilani nyingine tunaileta Jumatatu asubuhi.

Mkazi wa Eastlands,
Nairobi