Mkono Umepona, Mbona Haujui Ulichoshika? Kwa Nini Tunafundisha Vidole Kukumbuka

"Mwanangu, mimi nimekuja kukandwa, mbona wanipa mchele nichezee?"

Swali hili, kwa maneno haya au mengine, tunaulizwa sana hapa kwenye chumba chetu cha tiba ya viungo, Malindi. Linastahili jibu kamili. Mtu asiyejua maana ya zoezi huliacha mapema, na hili la mchele, la kuuzoeza mkono utambue kitu bila kukitazama, huchukua miezi.

Wengi tunaowapa zoezi hili ni wavuvi waliokatwa na kisu wakipasua samaki, mafundi waliochomwa na patasi, na wazee waliopata kiharusi. Jeraha limefunga, nyuzi zimetolewa, vidole vinakunjika vizuri. Lakini akitia mkono mfukoni, hajui ameshika funguo au sarafu mpaka aitoe aitazame. Wengine huamini daktari hakushona sawasawa. Mara nyingi kushona hakuna kasoro. Kilichobaki ni kazi ya ubongo.

Mshipa wa fahamu ukikatika kisha ukaunganishwa, huota upya kwa mwendo wa takriban milimita 1 kwa siku. Kutoka kifundo cha mkono hadi ncha za vidole ni safari ya miezi. Na nyuzi zake hazirudi zote zilipokuwa: uliokuwa wa kidole cha shahada waweza kuishia kidole cha kati. Ni kama simu ambayo majina yamebaki lakini namba zimechanganyika, wampigia mjomba anapokea fundi wa boti. Habari kutoka kidoleni zinafika ubongoni, ila ubongo unazisoma kwa kumbukumbu za zamani, na hazilingani tena. Kwa aliyepata kiharusi mambo ni tofauti kidogo: mkono wenyewe ni mzima, na pengine anahisi kabisa kwamba ameguswa, ila sehemu ya ubongo inayotambua kitu kwa kukishika imeumia.

Hapo ndipo kumbukumbu inapoingia. Kutambua kwa mkono ni kulinganisha: hiki ninachogusa sasa, na kile nilichowahi kugusa. Mwaka 1999 Ranulfo Romo na wenzake, Meksiko, walichapisha utafiti wa kima waliofundishwa kupokea mtetemo kidoleni, kungoja sekunde chache, kisha kupokea wa pili na kuonyesha upi una kasi zaidi. Katika muda ule wa kungoja, kidole kikiwa hakipokei mtetemo wowote, seli za sehemu ya mbele ya ubongo ziliendelea kuushikilia mtetemo wa kwanza. Bila kushikilia huko, wa pili hauna cha kulinganishwa nacho.

Na hazina ya kumbukumbu za mkono ni kubwa kuliko tunavyodhani. Mwaka 2018 watafiti wawili wa Ujerumani, Fabian Hutmacher na Christof Kuhbandner, waliwafunga watu macho wakawapa vitu 168 vya kila siku, kila kimoja kwa sekunde 10. Baadaye walitakiwa kutofautisha kile walichokishika na kingine cha aina hiyohiyo. Walipatia takriban mara 94 katika kila 100, na baada ya wiki moja bado walikuwa juu ya 80. Mvuvi wa mshipi wa Mayungu hahitaji kuambiwa haya. Uzi ukitikisika kwenye kidole chake usiku, anajua kama ni changu anadonoa au ni tewa anavuta kuingia mwambani.

Sasa, zoezi lenyewe. Tunaanza na vitu visivyofanana hata kidogo: dodoki, kipande cha msasa, leso, ufunguo. Kwanza unatazama huku unagusa, na mkono mzima unagusa pia, ili ule mgonjwa upate wa kufuata. Kisha unafumba macho na kugusa tena polepole, unasema ni nini, unafumbua kuhakikisha, unafumba tena. Hatua ya kufumbua msiiruke. Ndiyo inayosahihisha kumbukumbu.

Ukiweza hayo, tunafukia vitu ndani ya bakuli la mchele: iliki, kete, kifungo, sarafu ya shilingi 10 yenye simba na ya 20 yenye ndovu. Unatafuta tunachokutajia. Halafu linakuja lile ambalo wengi hulilalamikia: unashika kitu kimoja, unakiachia, tunazungumza kidogo, kisha unapewa vitano uchague kilekile. Ni gumu kwa makusudi, maana tunazoeza ubongo kushikilia kumbukumbu ya ulichogusa. Nyumbani, dakika kumi mara tatu au nne kwa siku zinafaa kuliko saa nzima ya Jumamosi. Zimeni televisheni wakati huo, tafadhali.

Kukanda pia tunakanda, pale kovu limekaza au mkono umevimba. Ila kukanda peke yake hakumfundishi mtu kutofautisha funguo na sarafu, na hatutachukua pesa yako kwa ahadi hiyo.

Mwenye ganzi ya kisukari, inayoanza miguuni na kupanda taratibu, anahitaji kwanza sukari idhibitiwe kliniki. Mchele wetu hautamrudishia mshipa unaoendelea kuharibika, ingawa tunaweza kumwonyesha jinsi ya kulinda miguu. Na ganzi ya ghafla ya upande mmoja, mdomo ukipinda au maneno yakivurugika, msimlete kwetu. Mkimbizeni hospitali saa hiyohiyo.

Mpaka hisia zirudi, pima joto la maji kwa mkono mzima, na usishike sufuria wala karai la mafuta kwa ule wenye ganzi. Tumeona watu wakiungua bila habari, wakajua kwa harufu.

Siku ya kwanza njoo na barua ya hospitali na mtu mmoja wa nyumbani atakayekusaidia kufanya zoezi. Njoo pia na vitu vya kazi yako: ndoana na uzi, patasi, sindano ya kofia, upawa. Tutavitumia hivyo, kwa sababu mkono wako umeviweka akilini miaka mingi.