Asante, wewe uliyeniambia nisubiri

Jina lako silijui, lakini shukrani hizi ni zako. Nilikuwa tayari kuihamishia tovuti kwenye seva mpya usiku uleule. Ukaniambia nisubiri: kwanza nishushe TTL (muda ambao nakala ya rekodi huhifadhiwa kabla ya kuulizwa upya) ya rekodi za DNS, zile zinazoelekeza jina la tovuti kwenye seva yake, kutoka sekunde 86400, yaani siku nzima, hadi 300, kisha nipitishe siku nzima ili kumbukumbu za zamani ziishe muda kokote zilikohifadhiwa. Ukauliza pia kuhusu rekodi za MX, zinazoelekeza barua pepe kwenye seva yake. Sikuwa nimezinakili! Barua pepe zetu zingepotea njia. Nakala ya hifadhidata nilikuwa nayo, ila hukuridhika mpaka nilipoirejesha kwenye seva mpya na kuona inafunguka. Akaunti ya seva ya zamani sijaifunga bado, kama ulivyosisitiza. Asante sana, ndugu yangu.