Pointi au CDI? Soma kabla hujasema fundi kakupiga

Pointi ni vile vipande viwili vya chuma vinavyogusana na kuachana ili plagi itoe moto, CDI ni kaboksi ka elektroniki kanakofanya kazi hiyo bila kugusana. Wiki hii tena mteja kaondoka kanuna. Kaleta Honda yake ya zamani ile ya volti 6, asubuhi inawaka kiki moja lakini ikishapata moto inazima na haiwaki mpaka ipoe, nikamtajia bei akaniambia "fundi, kubana skrubu ya pointi ndo hela yote hiyo? Bora nikanunue CDI sokoni nifunge yaishe". Haya maneno nayasikia kila mara hapa Tabora, kwa watu wa Ng'ambo na hata wanaotoka Urambo na Sikonge na pikipiki walizoachiwa na wazee wao.

Skrubu ni kweli moja. Ila hizi pikipiki ndogo za magneti, zinazojitengenezea umeme wa plagi bila betri, pointi nyingi zinakaa ndani ya flaiwili, lile gurudumu zito lenye sumaku, na flaiwili inatolewa kwa pula, kifaa cha kuivuta, haipigwi nyundo. Wanaopiga nyundo wanaharibu nyuzi za kranki, ile shafti ya injini, wengine wanailegeza mpaka sumaku, halafu inakuja kwangu na mimi ndo naonekana ghali. Nikishaifungua naangalia pointi zilivyo, kama zimeungua na kuchimbika upande mmoja, upande wa pili kuna kichuguu, hapo kondensa, kale kakopo kanakozuia cheche zisichome pointi, ndo mgonjwa, na hiyo tabia ya kuzima ikipata joto mara nyingi ndo yeye. Sasa wewe usugue pointi kwa msasa mpaka kesho, kondensa mbovu itazichoma tena, na chembe za msasa zinabaki katikati zinazuia umeme. Halafu naweka nafasi ya pointi zikiachana, hizi Honda ni milimita 0.3 mpaka 0.4, napima kwa fila geji, vile vibati vya kupimia nafasi, nafuata na taimingi, yaani lini plagi itoe moto, ile alama ya F ya kwenye flaiwili ikutane na alama ya kwenye bodi palepale pointi zinapoanza kuachana, naangalia kwa mita, simalizi kwa macho.

Mzee mmoja mstaafu, bwana shamba wa zamani wa Kaliua, alikuwa anaseti kwa kipande cha msumeno wa chuma kama alivyofundishwa na kijana wa jirani. Blade ya msumeno ina unene wa kama milimita 0.6! Pointi zikiachana sana hivyo moto unawahi, kiki inarudi kwa nguvu, na ilimrudia mpaka akawa anachechemea. Mzee wangu yule nilimbadilishia kondensa nikaseti upya na hakuhitaji CDI yoyote.

Sisemi CDI mbaya, jamani. Haina kitu cha kusuguana kwa hiyo taimingi haihami, moto wake mkali hata plagi ikiwa chafu kidogo, na ukishafunga vizuri unasahau. Pikipiki ya mizigo ya kila siku mimi mwenyewe nakushauri uihamishe. Shida ni kudhani CDI ni kale kaboksi tu. CDI ya magneti inahitaji koili yake ya kuichaji na pikapu ya kuiambia lini itoe moto, na magneti ya pointi haina hivyo vitu. Kwa hiyo unabadilisha sahani nzima ya magneti, flaiwili yake, CDI, koili ya plagi na waya, na lazima flaiwili ikae sawasawa kwenye kranki yako. Hiyo ndo bei mnayoikimbia.

Kijana mmoja wa Isevya alinunua kaboksi akaunganisha kwenye koili ileile ya pointi, haikuwaka, akanunua kengine, nako hakikuwaka, akaja kwangu akiwa ameshatupa pointi na kondensa za mwanzo. Tulizitafuta zile spea muda mrefu kuliko kazi yenyewe, na aliishia kulipa zaidi ya ile bei niliyomtajia siku ya kwanza.

Na kuna hili watu hawalifikirii, pointi zikianza kuchoka zinakuaga, pikipiki inamisi, inakuwa ngumu kuwaka, unajua. CDI ikifa imekufa, ndani imemwagiwa gundi ngumu hakuna cha kufungua. Ukiwa porini kuelekea Ugalla pointi unazifuta kwa kikaratasi kisafi unarudi nyumbani. Kwa hiyo kama pikipiki ni ya babu, unaitoa wikiendi na siku za harusi, baki na pointi, weka kondensa mpya, na kile kisponji kinachogusa kemu, kale kanundu kanakosukuma pointi ziachane, kipate grisi kidogo sana, kikikauka kile kisigino cha pointi kinalika na nafasi inajifunga yenyewe.

Wenye Triumph na BSA, zile pikipiki za Kiingereza, elektroniki zenu nyingi zinategemea betri, betri ikichoka moto unayumba, msilaumu boksi kabla hamjapima betri.

Ukiniletea pikipiki usiisafishe pointi kwanza, ilete ilivyo nizione. Na ukihamia CDI, pointi, kondensa na flaiwili ya zamani ondoka navyo kwenye mfuko, vikae nyumbani.